Gari la Fidia

Asubuhi moja ya masika ya mwaka 2025, mvua ikinyesha rasharasha na magari yakijikokota katika Barabara ya Outer Ring karibu na Donholm, lori lililokuwa nyuma yangu lilishindwa kusimama, likaligonga gari langu na kulisukuma hata likajipigiza katika matatu iliyokuwa mbele. Na ijapokuwa mimi nilitoka salama, bila jeraha ila maumivu ya kifua pale mkanda uliponizuia, gari lenyewe lilikunjamana nyuma na mbele, buti likabonyea ndani, boneti ikainuka, na maji ya rejeta yakatiririka barabarani. Siku chache baadaye mkaguzi wa bima alilizunguka mara mbili, akapiga picha, akachutama kutazama uvunguni, kisha akatamka neno ambalo kila fundi wa Eastlands analifahamu: raitofu, yaani gari limefutwa.

Neno hilo huwapotosha wengi, maana wadhani kwamba gari lililofutwa ni gari lisiloweza kutengenezeka tena, ilhali hukumu ile ni ya hesabu zaidi kuliko ya nyundo. Kampuni hulinganisha gharama za matengenezo na thamani ya gari kabla ya ajali, na gharama zikipita kiwango kilichowekwa, aghalabu nusu ya thamani hiyo, huona heri imlipe mwenye gari thamani yake na kuyachukua mabaki iyauze. Kwa hiyo liko gari lililofutwa kwa sababu mifupa yake imevunjika, na liko jingine lililofutwa kwa sababu tu vipuri vyake ni ghali kuliko umri wake. Yote mawili hubeba jina moja, na yote mawili huondoka juu ya brekidauni kwenda kwa mnunuzi wa mabaki. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili, kwa kuwa lina kishindo chake baadaye.

Nimekulia Mombasa, na nyumbani kwetu neno fidia lilitumika kwa mali itolewayo kumkomboa aliyetekwa, au kwa kile akitoacho mtu asiyeweza kufunga saumu. Katika maana zote mbili kipo kilichopotea na kipo kinachotolewa mahali pake, wala hapana adaiye kwamba viwili hivyo ni sawasawa. Bima nayo, ambayo hata jina lake lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, imesimama juu ya kanuni moja: aliyepatwa na hasara arudishwe pale alipokuwa dakika moja kabla ya hasara, asipungukiwe na wala asipate faida. Ni kanuni ya insafu. Lakini dakika moja kabla ya ajali mimi nilikuwa na Toyota Fielder ya mwaka 2011, iliyoingia nchini mwaka 2018, na hiyo ndiyo iliyolipwa, gari la miaka 14. Haikulipwa bei ya kupata jingine lililo jipya kidogo, wala thamani ya uaminifu ambao gari lile lilikuwa limenionyesha katika safari za Mombasa na Nakuru.

Tofauti kati ya thamani iliyolipwa na bei ya kupata gari jingine si ndogo. Mwaka niliponunua gari lile, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 100 hivi. Mwezi Januari 2024 ilifika shilingi 160, na hata iliporudi chini ilitua karibu na 130. Mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake huja ushuru wa bidhaa, kisha kodi ya thamani ya asilimia 16 inayokokotolewa juu ya jumla ya hayo yote. Tarehe 1 Julai 2025 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ikaanza kutumia orodha mpya ya bei za kukadiria kodi za magari, na wauzaji wa yadi za Ngong Road hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Hivyo kila mwaka gari langu lilikuwa likishuka thamani katika daftari la bima, na kila mwaka gari la kulirithi lilikuwa likipanda bei katika bandari ya Mombasa. Anayesubiri fidia huku akiamini kwamba itamnunulia gari kama lile lile, tena jipya zaidi, amejiwekea huzuni ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mimi nililiwekea gari langu bima ya shilingi 800,000. Mkaguzi akalikadiria kuwa lilikuwa na thamani ya 690,000 siku ya ajali, na kampuni hulipa kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo, baada ya kutoa lile fungu la kwanza la hasara ambalo mwenye gari hujibebea mwenyewe na ambalo mawakala hulitaja kwa sauti ya chini wanapouza bima. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa karatasi ya kukubali malipo huletwa wakati ambapo mtu amechoka kupanda na kushuka, naye hutia sahihi upesi ili jambo liishe. Sahihi hiyo hufunga mlango. Kabla ya kuitia, mtu ana haki ya kuuliza thamani ile imepatikana vipi, na kuleta ushahidi wake: bei za magari ya aina ile, ya mwaka ule na ya kilomita zile zinazouzwa wiki ile ile, risiti za matairi na betri mpya, na ikiwezekana makadirio ya mthamini asiye upande wowote. Nilikwenda kwa mthamini, nikapeleka karatasi yake pamoja na bei za magari sita, na baada ya majadiliano ya adabu kampuni ikapanda hadi 735,000. Sikugombana na mtu. Asiyesikilizwa kwa adabu anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na Sheria ya Bima, Sura 487, imeweka siku 90 za kulipa madai.

Yako mambo mawili zaidi ya fedha ambayo ni vema kuyajua mapema. Gari likiwa lilinunuliwa kwa mkopo, benki hulipwa kwanza na mwenye gari hupata kinachobaki, kama kipo. Tena, fidia kamili ikisha kulipwa bima yenyewe imekwisha. Ada uliyolipa kwa miezi iliyosalia hairudi, na gari jipya litataka ada yake upya kuanzia siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo anayepokea 735,000 hana 735,000 za kununulia gari. Ana pungufu ya hapo, akitoa bima, uhamisho wa jina, oili, mikanda ya injini, na matairi ambayo muuzaji ataapa kuwa ni mapya.

Buruburu, mtaa wa Nairobi ninakoishi, ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba zikipangwa kuzunguka nyua, kila ua na mahali pake pa kuegeshea magari. Na waliokaa hapa zamani wanakumbuka Datsun na Peugeot 504 zikiwa zimelala kwa nafasi, watoto wakicheza katikati yake. Leo nyumba nyingi zimeongezewa vyumba mbele, maduka na magorofa yamesimama palipokuwa na bustani, na ua uliokuwa wa magari manane una magari ishirini yanayopishana kwa vidole. Nalisema hili kwa kuwa uchaguzi wa gari huanzia langoni. Jirani mmoja wa Phase 5, alipofutiwa gari lake dogo, aliongeza mkopo juu ya fidia akanunua gari kubwa la kupanda milima, na kila usiku akawa analiacha nje kando ya Barabara ya Mumias South akimlipa mlinzi, kwa kuwa halikuweza kukata kona ya lango lake. Wezi walipong'oa vioo vya pembeni mara ya pili, aliliuza kwa hasara. Alikuwa amenunua gari la kumfariji, na faraja yenyewe haikumsaidia kufika kazini.

Wala mimi sikuwa na busara kumshinda. Majuma mawili ya kwanza nilizunguka yadi nikitafuta Fielder ya rangi ya fedha, kama lile la kwanza, na moyo wangu uliruka kila nilipoiona moja kwa mbali. Hatimaye nilipata moja kwa mtu binafsi, safi, rangi inang'aa, bei chini ya soko kwa shilingi laki moja na nusu, na muuzaji mwenye haraka aliyedai anahamia ng'ambo. Nilikuwa tayari kutoa amana. Lililoniokoa ni desturi tu: sijapata kununua gari bila kulipitisha kwa fundi wangu wa Kariobangi Light Industries, mtu aliyenyoosha mabodi kwa miaka zaidi ya ishirini na ambaye macho yake husoma chuma kama wengine tusomavyo gazeti.

Hakuanza na injini. Alisimama mbali akatazama nafasi zilizo kati ya milango na mwili wa gari, akaona upande wa kushoto nafasi ni pana juu na nyembamba chini. Akafungua mlango, akapitisha ukucha juu ya mpira wa kuzuia maji, akanionyesha ukingo mwembamba wa rangi uliorukia pale, ambao kiwandani hauwezi kuwapo kwa kuwa mpira huvishwa baada ya gari kupakwa rangi. Akasoma alama zilizochapwa katika pembe ya kila kioo: vyote vilikuwa vya mtengenezaji mmoja, isipokuwa kimoja cha mwingine. Kisha akaniita nyuma. "Mwalimu, njoo uone kaburi," akasema, akainua zulia la buti na kutoa gurudumu la akiba. Na pale chini, upande wa kushoto, bati lilikuwa na mikunjo kama shuka iliyolaliwa, na mstari wa kuchomelewa uliofunikwa kwa puti na rangi nyeusi. Nilidhani amemaliza. Akaingia ndani akawasha ufunguo bila kuwasha injini, akaniambia nitazame taa ya mfuko wa hewa katika dashibodi. Haikuwaka. Taa ile, akanieleza, ikiwaka na kuzimika baada ya sekunde chache mfuko uko hai, na ikikataa kuzimika mfuko una kasoro. Lakini isipowaka kabisa ndipo pa kuogopa zaidi, maana yamkini mfuko ulikwisha kupasuka katika ajali, haukurudishwa, na mtu akakata waya ili taa isitoe ushahidi.

"Hili lilikuwa raitofu, mwalimu. Limefufuliwa, na wala si vibaya sana. Bodi imefanywa na mtu anayejua. Lakini likigongwa tena, halitakukinga."

Maneno yale yalinitia baridi, kwa kuwa niliona njia nzima kwa mara moja. Gari hufutwa kwa mtu mmoja. Mabaki huuzwa kwa halali. Fundi huyanunua akayanyoosha, naye pia kwa halali. Muuzaji hulipaka rangi na kunyamaza, na hapo ndipo halali inapokoma. Na mnunuzi wa mwisho ni mtu kama mimi, mwenye fedha za fidia mfukoni, mwenye haraka, mwenye kulitamani gari linalofanana na lile alilopoteza. Mzunguko huu hulishwa na haraka yetu. Uingereza, tangu Oktoba 2017, magari yaliyofutwa huwekewa herufi: A ni la kusagwa lote, B ni la kutolewa vipuri na mwili wake kusagwa, S ni lililoumia mifupa lakini laweza kurudi barabarani, N ni lililoumia visivyo mifupa, na mnunuzi anaweza kuiuliza historia hiyo kabla ya kutoa fedha. Hapa kwetu asiitegemee karatasi peke yake imwambie. Naamini, na nasema bila kificho, kwamba gari lililovunjika mifupa lingepaswa kuandikwa hivyo katika logbuku hadi siku ya kusagwa kwake, na kwamba kampuni ya bima inayoyauza mabaki bila alama inampa mgeni asiyemjua mzigo ambao yenyewe imekataa kuubeba.

Hata hivyo karatasi zina kazi yake. Nakala ya rekodi ya gari, inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi kwa ada ndogo kupitia mtandao wa serikali, hukuonyesha jina la mwenye gari, namba ya chesisi na namba ya injini, na hukufunulia kama benki inalishikilia. Likitokea jina la kampuni ya bima mahali popote katika mlolongo wa umiliki, uliza sababu. Namba ya chesisi isomwe katika chuma chenyewe, si katika kibandiko, kwa kuwa wezi hutafuta logbuku za magari yaliyokufa wapate kuyavisha magari ya wizi majina yake. Herufi za namba ya usajili nazo zisimhadae mtu: KD huonyesha kwamba gari liliandikishwa Kenya tangu mwaka 2020, lakini hazisemi liliundwa lini, na watu wa Nairobi hulipa fedha nyingi kwa ajili ya fahari ya herufi hizo.

Na liko gari lililozama. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, maji yalipoingia katika mitaa mingi ya jiji hili, mafundi walipokea magari yasiyo na hata mkwaruzo ambayo yalikuwa yameharibika kuliko yaliyogongwa, kwa sababu maji hula nyaya polepole. Harufu ya manukato makali ndani ya gari lililouzwa upesi ni dalili. Mchanga mwembamba chini ya zulia, kutu katika bolti za viti na ukungu ndani ya taa ni ushahidi.

Anayeona bora kuagiza kutoka Japani huepuka sehemu ya hatari hizi, si zote. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, kwa kiwango kiitwacho KS 1515, haliruhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mstari huo ulikuwa mwaka 2018, na mwaka 2026 umesogea hadi 2019, ilhali jirani zetu wa Uganda wanaruhusu hadi miaka 15. Gari hukaguliwa huko kabla ya kupakiwa melini. Lakini mnada wa Japani hutoa karatasi yenye daraja la kila gari, na daraja la R maana yake ni gari lililopata ajali likatengenezwa; dalali asiyetaka kukuonyesha karatasi hiyo ana sababu yake. Kwangu mimi njia hiyo ilikuwa imefungwa na fedha: Fielder ya mwaka 2018 iliulizwa zaidi ya mara mbili ya fidia yangu, na nimestaafu, sikutaka deni.

Nilirudi nyumbani, tukakaa na mke wangu tukaandika gari letu linafanya nini kwa wiki. Yeye ana duka la vitambaa katika kituo cha maduka cha Buruburu na huchukua mizigo Gikomba mara mbili. Mimi huenda mjini, na tangu ajali nilikuwa nimekwisha gundua kwamba matatu ya 58 hunifikisha bila adha. Safari ya Mombasa ni mara mbili kwa mwaka. Orodha hiyo haikuwa na rangi ya fedha ndani yake. Ilitaka buti kubwa, injini ambayo kila fundi anaifahamu, vipuri vinavyopatikana Kirinyaga Road siku ile ile, na umri ambao kampuni ya bima haitaukataa, maana nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililozeeka sana.

Tukanunua Toyota Probox kwa shilingi 640,000, kutoka kwa mwalimu mwenzangu mstaafu wa Umoja aliyekuwa mmiliki wake wa pekee tangu lishuke melini. Si gari zuri. Viti vyake ni vigumu na kelele ya barabara huingia yote. Fundi alilikagua kwa saa mbili akapata bushi zilizokwisha na oili inayovuja kidogo, vitu visivyo na siri. Lililonikinaisha zaidi ni daftari dogo katika droo ya dashibodi, ambamo mwenzangu alikuwa ameandika kila tarehe ya kubadilisha oili, kilomita zake, na jina la fundi, kwa mwandiko ule ule wa kusahihishia insha.

Nilipoliona daftari lile nilikumbuka langu. Siku ya kuyakabidhi mabaki ya Fielder nilitoa mwavuli, jeki na tasbihi iliyoning'inia kwenye kioo, lakini droo ilikuwa imekwama kwa ajali, nikaliacha daftari humo, na jina langu na namba yangu ya simu katika ukurasa wa kwanza. Mwezi wa Novemba simu ikalia. "Habari yako mzee, samahani kwa kukusumbua," akasema kijana, nyuma yake nikisikia honi na makelele ya yadi. Alikuwa amepata namba yangu ndani ya Fielder ya rangi ya fedha anayoambiwa haijapata kuguswa, iliyotunzwa vizuri na mzee mmoja wa Buruburu, na alitaka kujua tu kama nilikuwa nikibadilisha oili kwa wakati. Nikamwambia ndiyo, kila kilomita 5,000. Kisha nikamuuliza kama muuzaji yuko karibu naye, akasema amekwenda kuleta karatasi. Nikamwambia basi afungue buti, ainue zulia, atoe gurudumu la akiba, na anieleze anachokiona.